Daktari, kalamu unashika wewe, halafu usugu wa dawa unalaumiwa mama yangu?

Wanajukwaa, nimenyamaza miezi miwili, leo nasema yote kuhusu huu usugu, yaani kijidudu kuizoea dawa mpaka isikiue tena. Uzi ni mrefu, asiye na subira apite.

Mama yangu ana miaka 61, anaishi Umoja. Mwezi wa pili alianza kuchomwa akienda haja ndogo, anaamka usiku mara tano, tumbo la chini linamkaza. Homa hakuwa nayo. Hayo yote aliyasema mwenyewe, mimi nikiwa nimeketi kando yake, katika kliniki moja ya ghorofani hapo mtaani. Daktari (ni afisa wa kliniki, lakini Nairobi hii kila mwenye koti jeupe ni daktari) alimkatiza katikati ya sentensi. Damu ikatolewa, tukangoja kidogo, kisha: "Mama, una taifodi."

Taifodi bila homa! Eastlands hii ukienda na jino unarudi na taifodi. Na kipimo chenyewe ni kile cha Widal, ambacho hakitafuti kijidudu chenyewe. Kinatafuta kinga ambayo mwili uliitengeneza, na kinga hiyo inaweza kuwa ya taifodi uliyopona zamani, au ya chanjo, au ya kijidudu kingine kinachofanana. Haya yanafundishwa darasani, si mimi niliyeyagundua. Basi akaandikiwa antibayotiki, sipro ya siku 7.

Akameza zote. Narudia, zote, maana najua kuna mtu humu ameshaanza kuandika "wagonjwa hamumalizi dozi". Nilikuwa nampigia simu kila jioni, namsikia akifungua pakiti.

Wiki mbili baadaye moto ni uleule. Akapita kwa kemisti, kijana wa kaunta akamwambia hiyo sipro mwili umeizoea, ngoja nikupe kitu kali. Mwili umeizoea! Mwili hauzoei antibayotiki, kinachozoea ni kijidudu. Kitu kali chenyewe kilitoka kwenye kopo, kikaingia bahasha ya kaki iliyoandikwa 1x2. Jina la dawa halipo. Mpaka leo hatujui alimeza nini, na kila daktari aliyetuuliza tulimtolea ile bahasha kama watu wajinga.

Tukarudi ghorofani. Safari hii ni sindano za seftriaksoni, antibayotiki nyingine, siku tano mfululizo. Mtu akidungwa anajiona ametibiwa kweli, na wao wanalijua hilo vizuri, na bili inalijua zaidi. Mama wa watu akawa anapanda zile ngazi kila asubuhi, amejishika tumbo.

Haikusaidia.

Mwishowe nikampeleka hospitali, tukapokelewa na daktari msichana, mdogo kwa umri, na swali lake la pili lilikuwa: "Mkojo umewahi kuoteshwa?" Yaani vijidudu vya kwenye mkojo vikuzwe maabara, vijaribiwe dawa ipi inaviua. Hakuna aliyewahi hata kulitaja neno hilo. Sh1,800, siku tatu za kungoja. Majibu: kijidudu ni E. coli. Sipro, sugu. Septrin, sugu. Seftriaksoni, sugu, kijidudu kinatoa kimeng'enya kinachoivunja kabla haijafanya lolote. Chini kabisa ya orodha, nitrofurantoini: inafanya kazi. Wakampima figo kwanza, wakamwandikia vidonge vya siku 5. Dawa ya zamani na ya bei nafuu. Siku ya tatu mama alilala usiku kucha.

Sasa hapa ndipo hasira yangu ilipo. Nilirudi kwa yule bwana wa ghorofani na karatasi ya maabara mkononi. Nilidhani hajui. Wallahi anajua! Alinieleza usugu kuliko ninavyoweza kueleza mimi: jinsi vijidudu vinavyopeana jeni, jinsi dawa inavyoua vile dhaifu na kuviachia nafasi vile sugu vizaane. Nikamuuliza, mbona uliandika? Akasema, "Bosi, nisipompa atateremka ngazi, atapewa pale chini." Basi. Hiyo ndiyo sayansi iliyomtibu mama yangu.

Kwa hiyo msituletee tena habari za semina na uhamasisho. Mpango wa kwanza wa taifa wa kupambana na usugu ulizinduliwa 2017. Mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani likagawa antibayotiki makundi matatu: za kuanza nazo, za kutumia kwa uangalifu, na za akiba. Sipro na seftriaksoni zote ni za kundi la pili. Iliyomponya mama ni ya kundi la kwanza. Yaani walianzia katikati ya ngazi na hawakuwahi kutazama chini. Na watafiti walikadiria kwamba usugu uliua moja kwa moja watu milioni 1.27 duniani mwaka 2019, kwa hiyo hatubishani juu ya mwasho mdogo.

Najua foleni ni ndefu, najua kliniki nyingi hazina maabara ya kuotesha chochote. Sawa. Lakini karatasi ya kumwandikia mgonjwa aende maabara nyingine inagharimu nini? Na yule mtu wa kampuni ya dawa mwenye begi, aliyeingia mbele yetu sote bila kupanga foleni, yeye alikuja kupimwa Widal?

NYONGEZA: Naona kuna mhudumu wa afya ameuliza kwa nini mama alinunua dawa kaunta bila cheti. Ndugu yangu, sheria inasema antibayotiki haiuzwi bila cheti. Mama yangu si muuzaji. Muulize mwenye kopo.

NYONGEZA 2: Wanaoniuliza kliniki ni ipi, sitaitaja. Anayeishi Umoja apande ngazi zozote, aseme tumbo linamuuma, arudi hapa atuambie amepewa nini.