Nimechoka na watu wanaoua mawazo ya wenzao hata wiki hayajafikisha

Wakuu, uzi huu nauandika nikiwa na hasira na sitaki kuificha.

Wiki iliyopita kazini kwetu, binti mmoja aliyeajiriwa mwaka huu alileta wazo kikaoni. Alikuwa ameona kwamba mteja mwenye tatizo moja hulieleza upya kila meza anayofika, akachora jinsi maelezo yale yangeandikwa mara moja tu na kumfuata kokote anakopelekwa. Kurasa tatu, kwa penseli, mistari kaipiga kwa rula. Hakuna aliyefungua ukurasa wa pili! Mmoja akasema "hiyo tulishajaribu". Uongo, hatujawahi. Mwingine akamuuliza ana muda gani pale ofisini. Bosi akataka takwimu. Takwimu za kitu alichokichora juzi usiku! Watu wakacheka, binti akakunja karatasi zake, na tangu siku hiyo hafungui mdomo.

Walimkata maini mbele ya watu wote, na mimi nilikuwepo, nikanyamaza. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Najua kuna watakaokuja kusema wazo zuri hujitetea lenyewe. Si kweli. Chester Carlson alipata nakala yake ya kwanza ya maandishi kwa njia kavu, ile iliyozaa mashine za fotokopi, Oktoba 1938. Kampuni zaidi ya 20 zilimkatalia. Taasisi ya utafiti ya Battelle ilikuja kumkubalia 1944, na mashine iliyoingia maofisini kwa wingi, ile ya Xerox iliyoitwa 914, ilitoka 1959. Hapo wazo lilijitetea wapi? Alihangaika nalo mtu miaka na miaka, mpaka wakapatikana wa kumshika mkono. Mwanasayansi Katalin Karikó naye alishushwa cheo chuoni mwaka 1995 kwa kung'ang'ania utafiti wa mRNA, ile molekuli inayobeba maelekezo ya kutengeneza protini mwilini, na 2023 akapewa Nobeli ya tiba pamoja na Drew Weissman. Hao walivumilia. Waliokunja karatasi zao wakakaa kimya, nani anawajua?

Sisemi watu wasikosolewe. Wazo bovu acha life, na kuna makosa ambayo jicho la pili tu ndilo huyaona. Ninachogombana nacho ni wakati. Alex Osborn, Mmarekani wa kazi za matangazo, alilisema hili zamani sana: kwanza watu wamwage mawazo bila kuhukumiana, kuyapima kuje baadaye kwa nafasi yake. Kuku huatamia siku 21. Wewe unalipasua yai siku ya tano, unakuta uteute, halafu unageuka kutuambia "si niliwaambia hakuna kifaranga?"

Na wanaonichefua zaidi ni wale wa "mimi nasema ukweli tu". Ukweli gani, na hata hujasoma? Mtu aliyesoma huuliza: hili tatizo umeliona wapi, kipande gani tukijaribu kwanza, nani mwingine linamsumbua? Kuuliza hivyo hakuchukui muda mrefu kuliko kusema "haiwezekani".

Nanyi wenye mawazo, jamani, msiyapeleke machanga kwenye kikao cha watu 15. Tafuta mtu mmoja anayejua kusikiliza, kaa naye, liandike, lijaribu kidogo kwa siri hata kama ni kwa karatasi na penseli. Likishapata miguu ndipo ulitoe.

Jumatatu nilimfuata yule binti, nikamwomba radhi kwa kunyamaza kwangu, nikamwomba na zile karatasi. Kumbe alishazichana. Tumekaa jioni mbili tunazichora upya, na safari hii tunalijaribu kwanza kwenye meza yangu mimi. Kikao kijacho ni mwisho wa mwezi. Atakayecheka kabla ya kufungua ukurasa wa pili aanze na mimi.