Nyumba ya marehemu baba Kiponda: dirisha langu nalo nikaombee ruhusa?

Asalaam aleikum. Mnivumilie, nina hasira kidogo.

Marehemu baba katuachia nyumba Kiponda, Mji Mkongwe wa Zanzibar, ghorofa mbili. Dada zangu wameridhia mie niishi na niitunze. Maji ya mfereji yakija, yanakuja saa nane za usiku, na mke wangu kachoka kupandisha ndoo ngazi zile. Nikaamua mambo mawili: tangi la lita 2,000 juu ya paa, na madirisha ya mbele yaliyoliwa na mchwa niyatoe, nitie alumini. Mafundi wameng'oa dirisha la kwanza tu, kesho yake kaja kijana na barua ya kusimamisha kazi. Eti sina kibali.

Hati ninayo. Nyumba yetu, pesa yangu, kosa langu lipi? Fundi ananambia tumalize usiku wa Ijumaa, Jumatatu wakija watakuta kioo kinang'aa. Nifanyeje?

Mtoto wa Malindi: Waleikum salaam. Maliza usiku. Beit el Ajaib, lile jumba la makumbusho, ilikuwa mikononi mwa nani ilipoporomoka 25 Disemba 2020? Wafanyakazi wawili walikufa pale. Leo waje wakuhesabie wewe dirisha!

Bi Mkunazini: Sasa kwa kuwa lile limeanguka, na sisi tuangushe yetu?

Fundi Chokaa: Dirisha liache kwanza, mie nimeshtushwa na tangi. Lita 2,000 za maji ni tani mbili. Nyumba zetu hizo ni mawe ya matumbawe na chokaa, dari zimebebwa na boriti za mikoko. Vile vyumba vyembamba unavyoviona, urefu wa boriti ndio ulioamua. Na kichwa cha boriti kimeingia ukutani. Ukuta huo wako peke yako? Chukua bisibisi, chokonoa boriti pale inapoingia ukutani. Ikizama kama kwenye keki, teremka taratibu. Na atakayekwambia upige plasta ya saruji mfukuze: chokaa inapumua, saruji inafungia unyevu ndani na boriti zinaoza wewe huna habari.

Jirani wa Mtu: Nyote mnajadili serikali, jirani hakuna aliyemtaja. Wangu mie alijenga choo juu bila hata kunibishia hodi. Leo ufa wa chumbani kwangu vidole vitatu vinaingia. Masika nikalala chini na watoto, nasikiliza.

Wakili wa Barazani (wa barazani tu): Hati isikudanganye, yakhe. Kwa Sheria ya Ardhi ya 1992, ardhi yote ya Zanzibar ni ya umma, ulichonacho ni haki ya matumizi. Na Mji Mkongwe una mamlaka yake ya hifadhi tangu 1985, kabla UNESCO haijauorodhesha mwaka 2000. Kwa sheria umeshashindwa.

Lakini mie mwenyewe nagawa mambo haya. Tani mbili zisimshukie mtu kichwani, hapo serikali iingie hata bila hodi. Mbao au alumini, ili mgeni apate picha nzuri, hapo nauliza: wanaochuma kwa urithi huu wako wengi, mbona mbao ninunue mie peke yangu? Swali hilo liandike kwenye ombi la kibali, uombe usaidiwe gharama. Usiku wa Ijumaa kalale.

Mtoto wa Malindi: Atasubiri mpaka mchwa wamalize na mlango.

Mwenye uzi: Nimepanda na bisibisi. Boriti tatu nzima. Ya nne, upande wa jirani, bisibisi imezama mpaka kwenye mpini. Nikateremka, nikabisha kwa bibi wa nyumba ya pili. Kumbe yeye tangu mwaka jana kaweka beseni chini ya ukuta ule ule, akidhani bomba lake linavuja. Alinipa kahawa, hakunigombeza, nikaona haya zaidi.

Tangi litakaa uani, na pampu ndogo ya kupandishia. Boriti tunabadilisha, nusu yangu nusu ya mwanawe.

Dirisha naandika barua, lakini bado sijaridhika. Kwa sasa nimeliziba kwa turubai la buluu. Linatisha kuliko alumini yoyote, na hilo hakuna aliyeliletea barua.