Naomba ushauri: nyumbani tuko 11, kadi ya bima inabeba 6

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za jioni. Nauza dagaa Kibirizi, Kigoma, umri miaka 43. Nyumbani kuna mimi na mke, watoto 6, mama mzazi na watoto 2 wa marehemu dada.

Mwaka ule nilikata CHF iliyoboreshwa, ile bima ya Mfuko wa Afya ya Jamii, 30,000 kwa kaya ya watu 6. Hapo sasa chagua nani abaki nje! Nilimwacha mama kwa kuwa alikuwa haumwi, na ndiye aliyekuja kulazwa. Mbuzi wawili wakaenda. Nikataka kukata kadi ya pili, mama awe mkuu wa kaya na wajukuu zake. Mwandikishaji mmoja akasema inawezekana, mwingine akataka kwanza barua ya mtendaji.

Uzeeni ndiko kunanichanganya zaidi. Natamani kujiunga NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, kwa hiari, ila pensheni inataka michango ya miezi 180. Nikianza leo naimaliza nina 58. Na hela yetu ni ya kuvizia: mbalamwezi ikiwaka mitumbwi inalala, na 2024 Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi Mei 15 hadi Agosti 15 tuliishi kwa daftari la mkopo dukani. Kibubu nilijaribu, kikapasuliwa Januari kwa ajili ya sare za shule.

Mliogawa kaya kubwa kwenye kadi mbili, mlifanyaje? Na kwa kipato kama changu, nilipe michango ya NSSF ya miezi kadhaa kwa mkupuo dagaa wakichanganya, au nimalize kwanza bima ya wote 11?