Stoo imejaa na mahindi yanakaribia kuingia, nianze kutoa nini?

MamaJuni_Uyole
Wakuu habari za jioni. Nipo Uyole, Mbeya. Stoo yetu ni futi 10 kwa 10, hata mlango haufunguki wote. Ndani kuna TV mbili za chogo, magodoro matatu ya sponji, madumu ya kila aina, mbegu na mbolea iliyobaki, masanduku mawili ya nguo za marehemu baba mkwe, na makaratasi ya tangu enzi hizo. Tunategemea gunia 12 za mahindi. Nikigusa kitu naambiwa "acha, kitakuja kufaa." Mama mkwe tunaishi naye. Naanzaje bila kuzua ugomvi?

Mghala
Dada, usitangaze kwamba unasafisha stoo. Sema unatafuta pa kuweka mahindi, kwenye chakula hakuna wa kukubishia.

Halafu pima. Gunia 12 za kilo 100 zikilazwa tatu tatu kwenda juu ni safu nne, kama mita mbili na nusu kwa mita moja. Ziweke juu ya chaga, sentimita 15 kutoka sakafuni, na uache nusu mita kutoka ukuta wa nyuma na nafasi kidogo pembeni ili hewa ipite na panya waonekane. Kwa hiyo unahitaji nusu ya chumba tu. Chora mstari wa chokaa sakafuni. Kinachobaki kikitosha upande wa pili, kikae. Kisipotosha, mwenye nacho ndiye aseme kipi kitoke.

Mbolea isikae chumba kimoja na mahindi. Urea hunyonya unyevu na kuganda. Iliyoganda bado inafaa shambani, ipondwe tu.

Na kabla ya kupakia, jaribu ukavu: chupa ya kioo iliyo kavu, konzi ya mahindi, kijiko cha chumvi kavu, tikisa, subiri dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi bado ni mabichi, rudisha juani.

Kijiji_Kwanza
Rahisi tu. Kodi kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, peleka vyote kijijini. Kule hakuna kinachotupwa.

SkrepaSoweto
Mkuu hapo juu, huko ni kuhamisha tatizo, tena kwa nauli. Madumu ya dawa za shamba ndiyo kabisa yasiende, maana yatatiwa maji ya kunywa au pombe. Dumu la dawa husuuzwa mara tatu, maji yake yanamiminwa kwenye bomba la kupulizia, kisha linatobolewa kitako. Lisipotobolewa litarudi kazini tu.

TV za chogo: usizifungue hata kama hazijachomekwa umeme muda mrefu, zinaweza kuwa na chaji. Na kioo chake kina madini ya risasi. Mnunuzi wa skrepa anataka shaba ya koili iliyo shingoni mwa kioo, na akipewa nafasi atavunjia hapo hapo uani, akuachie vigae. Mwambie mapema: aichukue nzima au aiache.

Vyuma vitenganishe kabla hajafika. Shaba peke yake, sufuria peke yake, chuma peke yake. Ukichanganya atakupigia bei ya chuma vyote. Toa sumaku kwenye spika mbovu: ikinata ni chuma, isiponata kwenye sufuria mara nyingi ni aluminiamu. Hakikisha mzani wake unaanzia sifuri. Betri ya gari au ya sola ikae wima na tindikali yake ndani, usiimwage.

Bibi_Kihesa
Mwanangu, nguo za mzee ziwe za mwisho. Na mwenye kauli hapo ni mama mkwe wako, wewe ni mikono tu. Usimuulize "tuzitoe?" Atakataa, na ana haki. Toa sanduku moja, anika juani, kaa naye, ukishika koti muulize "hili linamfaa nani?" Nguo ikishapata jina la mtu, inaondoka siku hiyo hiyo. Asiyotaka kuitaja irudi sandukuni bila neno. Kagua mifuko yote na bitana, wazee huweka humo risiti za kiwanja.

Zinazobaki zisifungwe kwenye nailoni zikiwa na unyevunyevu. Kwa ukungu wa huku kwetu zitaota kuvu kuanzia kwenye kola. Kama ziliwekewa vidonge vya nafthalini, zifuliwe na kupigwa hewa kabla ya kufika karibu na mtoto mchanga. Vidonge hivyo vinaweza kudhuru damu yake.

Godoro: anika siku nzima ya jua kali, pande zote mbili. Likikauka na harufu ya kuvu ibaki, kuvu imeshaingia ndani ya sponji, halifuliki tena. Usimtandikie mgeni.

Mghala
Makaratasi: hati ya kiwanja, vyeti vya kuzaliwa, ndoa na shule havijadiliwi, viweke kwenye dumu pana lenye kifuniko. Kumbukumbu za kodi ya biashara, miaka mitano. Risiti za mashine hufutika zenyewe, zipige picha sasa. Za LUKU zilizokwisha tumika, washia moto.

MamaJuni_Uyole
Asanteni sana, shikamoo Bibi. Mstari wa chokaa umekubalika. Zile mbegu za mahindi zenye rangi nyekundu, naweza kuwapa kuku?

Mghala
Hapana. Rangi ile ni alama ya dawa. Wala zisisagwe. Hesabu punje 100, zifunge kwenye kitambaa chenye unyevu, weka karibu na jiko maana baridi ya Juni itazichelewesha. Baada ya wiki hesabu zilizochipua. Zikifika 85, panda msimu ujao. Zikiwa pungufu kidogo, ongeza punje kwa kila shimo. Zikishindwa kabisa, zifukie mbali na kisima, kina ambacho kuku hawafukui.