Tupeane uzoefu: mara ya kwanza kuuliza swali kwa wajuzi, ulijibiwaje?

Mwanzisha uzi: Wakuu, salaam. Wiki iliyopita kijana mmoja aliuliza kwenye kundi letu kwa nini programu yake ya Python (lugha ya kuandikia programu za kompyuta) inagoma. Alikuwa amepiga picha skrini ya kompyuta kwa simu, picha ya mshazari, mwanga wa dirisha katikati. Nikamjibu: "Jifunze kwanza kuuliza, halafu uje." Akafuta swali. Baadaye nikaikuza ile picha. Alikuwa ameandika `print "Habari"` bila mabano, mtindo wa Python 2, toleo ambalo halihudumiwi tena tangu tarehe 1 Januari 2020. Bila shaka anasoma kitabu cha zamani. Jibu lilikuwa la mstari mmoja tu, nami nikampa kejeli. Sina raha. Hebu tupeane uzoefu.

Mama Vifaranga: Kwangu mimi ni kuku. Niliandika kwenye kundi la wafugaji: "Vifaranga wangu wanasinzia na kuharisha, nisaidieni dawa." Wa kwanza: "Soma juu, limeshajibiwa." Wa pili akanishauri niuze banda. Wa tatu akamwaga majina ya dawa tatu bila kuuliza chochote, na kusema kweli huyo ndiye aliyekuwa wa hatari kuliko wote.

Kisha mzee mmoja akauliza: "Mwanangu, wana umri gani? Kinyesi kina rangi gani? Chanjo ya kideri na ya Gumboro uliwapa lini?" Umri niliujua, wiki nne. Kwa kinyesi ilibidi niingie bandani na tochi saa mbili usiku: kilikuwa na damu. La chanjo nilinyamaza, maana sikujua hata kama zipo. Hakunisema. Akaniambia inafanana na koksidiosi, ugonjwa wa vimelea vya utumbo, asubuhi nipeleke kinyesi kwa daktari wa mifugo, ila usiku uleule nizoe maranda yaliyolowa kuzunguka vyombo vya maji. Walikufa kumi na mmoja, wengine wakapona. Yale maswali yake matatu nimeyahifadhi kwenye simu. Mgeni akija nambandikia yaleyale.

Kibonge wa Tanga: Mimi niliambiwa "Google ipo." Jamani, huko Google ndiko nilikotoka! 😂

Desimali: Mwanzisha uzi, hauko peke yako. Stack Overflow, ule mtandao wa maswali na majibu ya waandika programu, wenyewe waliandika hadharani Aprili 2018 kwamba watu wengi, wageni hasa, wanapaona pale pakali. Mwaka huohuo wakaweka alama pembeni ya jina la mgeni ili anayejibu ajue. Lakini tazama pointi zao: ukishusha jibu la mtu, yaani ukilipigia kura ya kulikataa, nawe unakatwa pointi 1. Ukishusha swali hukatwi kitu, ila aliyeuliza anapoteza 2. Na mgeni kazi yake ni kuuliza, kwa hiyo kumchapa hakumgharimu mtu kitu.

Swali langu la kwanza lilifungwa dakika chache tu, eti ni marudio. Niliuliza kwa nini 0.1 + 0.2 inanipa 0.30000000000000004. Kiungo walichonipa kilikuwa na jibu kweli, ila kilizungumzia namna kompyuta inavyotunza namba kwa 0 na 1, na mimi nilikuwa napiga hesabu za duka. Ningejuaje kwamba ni swali lilelile? Sentensi moja tu ingetosha: "Ndugu, 0.1 haiishi kwa 0 na 1, kama theluthi moja isivyoisha kwa desimali, soma hapa."

Mwalimu wa Hesabu: Mimi nitawapinga kidogo. Kuna mtu anapiga picha karatasi ya mtihani, "jibuni haraka kabla ya saa nane." Huyo simtafunii. Namwambia: nionyeshe ulipofika, hata kama umekosea. Wengi hupotea hapohapo. Mmoja alirudi na mistari minne, mitatu sahihi. Nikaanza na ile mitatu, kisha nikamwambia aangalie alama ya kutoa kwenye wa nne. Akaiona mwenyewe.

Mama Vifaranga: Mwalimu, hapo tuko pamoja. Hata mzee wangu hakunitafunia, alinituma bandani.

Mwanzisha uzi: Asanteni. Leo nimemfuata yule kijana inboksi, nimemwomba radhi na kumpa ule mstari wenye mabano. Amejibu: "Sawa kaka, imekubali. Sasa inagoma mstari wa 7." Safari hii ametuma maandishi.