MJADALA: Projekti za mwaka wa mwisho zifutwe, wanafunzi wa IT wachangie programu huria?

MkaaDarajani
Assalam alaykum wanajamvi. Juzi barazani tulikaribia kushikana mashati kwa hili, bora nilitue hapa. Kila mwaka vijana wetu wa IT hapa Unguja wanamaliza chuo na projekti zile zile, mfumo wa maktaba, mfumo wa hoteli, mfumo wa tiketi za boti, yaani ukifungua kabati la idara utakuta mifumo ya hoteli mingi kuliko hoteli za Nungwi na hakuna hata mmoja uliotumika siku moja baada ya kupewa maksi. Mie nasema zifutwe. Mwanafunzi atafute programu huria (ile ambayo maandishi yake yako wazi, yeyote anaweza kuyasoma na kuyarekebisha) inayotumiwa na watu kweli, atengeneze kitu kimoja tu kilichoharibika, wenyewe wakiikubali kodi yake ndo apate maksi. (Kodi ya kompyuta jamani, yaani maandishi ya programu, watu wa ZRA wa kodi za serikali kaeni chini.)

Nasema kwa yaliyonikuta. Dukani kwa ami yangu tulikuwa tunatumia programu moja ndogo ya stoo, imefasiriwa Kiswahili, ukifuta kitu inakwandikia "Kitabu imefutwa", ukifuta mtu "Mteja imefutwa". Nikajua palipo tatizo, aliyeiandika kaweka sentensi moja halafu jina linachomekwa mwanzo, kwa Kiingereza inakwenda lakini sie tuna ngeli. Nikafungua isyu, yaani taarifa ya tatizo, nikaeleza, nikatuma puli rikwesti, yaani ombi la kuingiza marekebisho yangu, kimya wiki 3, halafu bwana mmoja huko akajibu kodi yako haina tesiti, yaani kodi ya kujaribu kama inafanya kazi. Nikaandika tesiti. Akasema umechanganya mambo mawili kwenye komiti (fungu la mabadiliko) moja, tenga. Nikatenga. Mara ya 4 ndo ikaingia. Mistari 11 tu yakhe! Lakini miaka yote ya chuo hakuna aliyewahi kuisoma kodi yangu mstari kwa mstari akanambia hapa umefanya uvivu.

bint_mkunazini
Hongera na ngeli zako, ila hapo pa "wakiikubali ndo apate maksi" ndo patapoharibika. Mwaka 2020 ile Hacktoberfest, kampeni ya kila Oktoba ya kuhimiza watu wachangie programu huria, walikuwa wanatoa fulana kwa mwenye kutuma puli rikwesti 4 mwezi wa Oktoba, basi watu wakawa wanaingia kwenye miradi ya wenziwao wanaongeza neno moja kwenye ukurasa wa maelezo wanatuma, wenye miradi wakafurikiwa na takataka mpaka waandaaji wakageuza sheria mwezi ule ule, mradi usiojiandikisha hauhesabiwi. Fulana tu hiyo. Wewe unataka kuweka digrii, na sasa hivi AI ipo ya kuwaandikia! Mtatutia aibu.

MzeeWaBando
Bint kasema. Na huu si utumishi wa bure kwa matajiri? Desemba 2021 lilipogunduliwa tundu la usalama la Log4j, programu huria ndogo inayotumika ndani ya programu nyingi, makampuni makubwa dunia nzima yalihaha, kumbe programu yenyewe inatunzwa na watu wachache tu wa kujitolea. Wao wale faida, kijana wa Kwahani ajitolee kwa bando la kununua mwenyewe. Na umeme ukatike katikati ya kupakua, utajua hujui.

MkaaDarajani
Mzee wangu kwa heshima zote, watu wakifanya msaragambo wa kisima tajiri wa mtaa naye atateka maji, ndo tusichimbe? Na hiyo simu unayotuandikia kama ni Android chini yake ni Linux, programu huria ya kuendesha mashine, ilianza 1991 na mpaka leo watu wanachangia, kumlipa Linus Torvalds aliyeianzisha umemlipa shilingi ngapi? La bando nakubali, hilo chuo kitoe.

mtu_wa_Wete
Shikamooni wakubwa. Mie kodi siijui, nipo upande wa takwimu hospitali huku Pemba. Ripoti zetu tunajazia kwenye DHIS2, mfumo wa takwimu za afya, na hiyo ni huria pia, imetokea Chuo Kikuu cha Oslo kule Norwe. Kwa hiyo hilo la matajiri silioni sana, maana anayepata taabu kitu kikiwa kibaya ni mie, wa Oslo hayupo hapa mtandao ukigoma mwisho wa mwezi. Waleteni hao vijana wakae na sie siku 2 watizame tunavyofanya kazi kabla hawajagusa chochote. Halafu kuchangia si kodi peke yake, ile ramani ya droni ya Unguja na Pemba iliyoanza 2016 wanafunzi wa SUZA, chuo kikuu cha taifa cha Zanzibar, walikuwamo, picha zikawekwa wazi, mpaka leo mtu anaweza kuzitizama akachora nyumba na njia kwenye OpenStreetMap, ramani huria ya mtandaoni.

bint_mkunazini
Huyu wa Wete ndo kasema la maana kuliko sote. Lakini Mkaa hujanijibu. Machi 2024 kile kisa cha xz, programu huria ya kubana mafaili, mtu kachangia vizuri zaidi ya miaka 2 mpaka kakabidhiwa funguo za mradi, kumbe anatia mlango wa siri, kaja kugundulika kwa sababu Andres Freund wa Microsoft aliona kuingia kwenye seva kunachelewa nusu sekunde! Baada ya hapo nani atapokea haraka kodi ya mgeni asiyemjua? Mwenye mradi ana kazi yake na watoto wake, semesta yako haimhusu. Mwanafunzi kafanya vizuri, hajajibiwa, afeli?

MkaaDarajani
Haya, hapo narudi nyuma. Maksi ziwe za isyu alivyoieleza, tesiti zake na alivyojibizana na watu, kukubaliwa iwe riziki tu.

bint_mkunazini
Sawa, na atakayesahihisha nani? Maalim ambaye mwenyewe hajawahi kutuma hata moja?

MkaaDarajani
😅 Umenibana. Basi maalim naye atume moja kwanza, akishazungushwa mara 4 kama mie ndo asimamie wenziwe.

bint_mkunazini
Nenda kamwambie wewe hivo, mie simo.