Mama Ngina watoze kiingilio ama waache?

Mjukuu wa Kibokoni: Wakubwa nauliza tu. Pale Mama Ngina, ile bustani ya ufukweni hapa Mombasa, tangu waikarabati 2019, ile Mashujaa ya Oktoba ikafanyiwa hapo, Jumapili pajaa hata pa kukaa hupati na takataka chini ya mibuyu we wacha tu. Wakitoza hamsini wafagiaji walipwe kuna ubaya gani? Bora wasiguse wauza mihogo, ingawa siku hizi mihogo yenyewe ni mafuta matupu.

Bi Achari: Mafuta matupu??? Mamangu ametulea kwa jiko hilo hilo la mihogo, hapo hapo Mama Ngina, pale twapaita Laitihausi. Muhogo wauchoma kwa makaa, waupasua katikati, wasugua ndimu na chumvi na pilipili, hayo mafuta yaingilia wapi? Sema ulikula wapi!

Feri Jioni: Hamsini mara watoto wanne mimi na mama yao, hiyo si unga huo? Mtu avuka feri bure kwa miguu halafu alipe kutazama maji yale yale aliyoyavuka 😂

Baharia Mstaafu: Mwajua kupigia kelele mihogo. Pale juu ndipo meli ya kuingia Kilindini yapita karibu mpaka wamuona mtu kwa sitaha, na upande wa pili golfu, huko huendi kuketi. Sisi wa zamani twapajua kwa jina Azania Drive. Jina liregeshwe kwanza, ndio tuzungumze pesa.

Wa Bara: Azania si Wagiriki walitubandika? Basi mzee tuwarudishie Wagiriki 🤣

Baharia Mstaafu: Kijana wewe hata Tuaka, mji wa kale wa Wakilindini, Waswahili wa hapa Mombasa, hujausikia, nawe wanifunza majina.

Wa Bara: Sasa si ungesema paitwe Tuaka, mbona umesema Azania?

Feri Jioni: Hapo mzee umeshikwa.

Baharia Mstaafu: Sijashikwa na mtu. Nilisema tulivyopaita.

Bi Achari: Mimi bado nangoja jibu. Alikula wapi?

Mjukuu wa Kibokoni: Yaishe dada, nimekumbuka, zilikuwa kachiri, zile krispi za kukaanga. Sasa je kuhusu kiingilio?

Bi Achari: KACHIRI ndio muhogo? Mtu wa Kibokoni wewe? Hebu taja mtaa wenu wa kweli.